Kabla ya kumwita mtoto mvivu, ulizeni analalaje

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika katika safu hii kwamba vijana wa leo hulala mpaka jua likawafuata kitandani kwa sababu hawakufunzwa kazi, na kwamba dawa yao ni ndoo ya maji. Barua ile imependwa. Nimeisikia ikirudiwa hata na watu wasiosoma gazeti. Naomba nafasi niijibu. Kama barua yangu ni ndefu kupita kiasi, kateni mnapotaka, ila sehemu ya kukoroma msiiguse.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa wodi ya watoto. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa zamu ya usiku, saa ambazo daktari ameitwa kwingine, wazazi wamejikunja kwenye viti, na aliyebaki macho ni sista na tochi yake. Wengi wanaotoa hukumu juu ya usingizi wa watoto huwa wenyewe wamelala wakati mambo yanapotokea. Mimi nililipwa kuutazama. Na nilichokiona ni kwamba majina mengi tunayowapa watoto mchana, mvivu, mtundu, mzito wa kichwa, kikojozi, yana asili yake usiku, na hakuna aliyekuwa macho kuiona.

Nianze na huyo kijana wa kumwagiwa ndoo ya maji, maana ndiye mshitakiwa.

Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake husogea. Ubongo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, na kuchelewa kwenyewe ni kwa saa moja hadi mbili. Tena ule uzito wa usingizi unaojilimbikiza kadiri mtu anavyokaa macho, kwa kijana hujilimbikiza taratibu kuliko kwa mdogo wake. Ndiyo maana saa 3 usiku mdogo mtu ameshazimika, na kaka mtu hana hata lepe la usingizi. Mlazimishe kwenda kitandani. Ataenda, atalala chali, atahesabu boriti.

Mtasema ni simu. Simu ina makosa yake na nitayafikia, lakini Profesa Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alichapisha na wenzake mwaka 1993 utafiti uliohusisha hatua za balehe na mwelekeo wa kuchelewa kulala. Mwaka 1993 hakuna mtoto aliyekuwa na simu ya kioo mkononi. Baadaye, mwaka 2004, mtafiti Till Roenneberg na wenzake huko Munich, Ujerumani, walichambua majibu ya maelfu ya watu wa kila umri na kuona kwamba saa ya mwili huendelea kuchelewa mpaka karibu miaka 19 na nusu kwa wanawake, na karibu 21 kwa wanaume, halafu huanza kurudi yenyewe mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo, mzee mwenzangu uliyeandika barua ile, wewe unayeamka kabla ya kengele na kuliita jambo hilo malezi bora, umri umekusaidia kuliko unavyokubali.

Sasa tupige hesabu. Taasisi ya Tiba ya Usingizi ya Marekani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, inasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Mwili umemruhusu alale saa 5 usiku. Anatakiwa darasani saa 1 asubuhi, kwa hiyo anaamshwa saa 11 na nusu. Hapo kapata saa sita na nusu, na kesho yake hivyo hivyo, wiki nzima. Na zile saa anazokatwa si saa za hivi hivi. Usingizi mzito kabisa huja mwanzoni mwa usiku; usingizi wa ndoto hujaa mwishoni, karibu na kuamka. Huo wa mwishoni ndio tunaomkata, halafu tunamshangaa ana hasira asubuhi.

Mji wa Seattle, Marekani, ulijaribu kitu mwaka 2016. Shule za sekondari zilikuwa zikianza saa 1:50 asubuhi, wakasogeza hadi saa 2:45. Waliopinga walisema watoto wataitumia nafasi hiyo kukesha zaidi. Watafiti wakawavisha wanafunzi vifaa vya mkononi vinavyorekodi usingizi, na mwaka 2018 wakatoa majibu: waliosoma chini ya ratiba mpya walilala dakika 34 zaidi kuliko wa ratiba ya zamani. Jimbo la California limekwenda mbali zaidi. Tangu Julai 2022 sheria inakataza shule zake nyingi za sekondari ya juu kuanza kabla ya saa 2:30. Sisemi kila shule iige, najua kuna usafiri, kuna wazazi wanaowahi kazini, kuna mambo chungu nzima. Lakini masomo ya ziada ya alfajiri, kwa maoni yangu, ni kumnyang'anya mtoto kichwa chake halafu kumdai akitumie.

Simu, basi. Mwanga wake machoni usiku huisukuma melatonini nyuma zaidi, na kijana ambaye tayari amechelewa anacheleweshwa mara ya pili. Ila kwa niliyoyaona, kilichomo ndani ya simu kina nguvu kuliko mwanga: ugomvi wa kundi la marafiki, ujumbe uliosomwa na haujajibiwa. Simu ilale chumba kingine, na sheria hiyo imhusu baba pia, maana kijana anaona. Vinywaji vyenye kafeini viishie mchana. Nusu yake bado iko mwilini saa tano hivi baada ya kunywa. Na siku za mapumziko mwacheni alale zaidi kidogo, saa moja, mbili, analipa deni. Akipitiliza hadi adhuhuri, usiku wa kuamkia siku ya shule hatalala, na wiki itaanza akiwa na deni jipya.

Hayo ya vijana yanazungumzwa siku hizi, ingawa kwa kelele. Lililonifanya nishike kalamu ni lingine, ambalo wazazi hulileta hospitali wakicheka: mtoto anayekoroma.

Nilimpokea wodini mvulana wa miaka sita, kaja kwa homa ya mapafu. Mama yake alikuwa na maelezo marefu yasiyohusu mapafu hata kidogo. Mwalimu amemchoka, hakai kitini, hamalizi kazi, anawachokoza wenzake. Bado anakojoa kitandani. Kila kitu anakifanya kwa haraka na nusu nusu. Baba yake akaongeza kwa fahari, "Lakini sista, usingizi anao! Akilala huyu nyumba nzima inajua."

Homa ilipokwisha nikamwona analalaje. Shingo kaitupa nyuma, kidevu kimeelekea darini, mdomo wazi. Jasho limelowesha shuka na usiku ule ulikuwa wa baridi. Akivuta pumzi, kifua kilikuwa kinabonyea ndani wakati tumbo linapanda, kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliobanwa. Halafu kimya. Kifua kinahangaika, hewa haiingii. Nikaanza kuhesabu sekunde, na kabla sijafika mbali akakurupuka, akakoroma kwa kishindo, akageuka, akaendelea kulala. Baada ya muda mfupi tena. Na tena. Mtoto yule hakuwa analala usiku. Alikuwa anapigania hewa mpaka asubuhi, na mchana tunamwambia atulie.

Tatizo hili ni la njia ya hewa kuziba usingizini. Kwa watoto, chanzo kikubwa ni mafindofindo yaliyovimba na nyama za puani, ambazo huwa kubwa kulingana na koo katika umri wa miaka miwili hadi minane. Akiwa macho, misuli ya koo inashikilia njia wazi. Akilala, misuli inalegea na njia inaziba. Ubongo unamshitua kidogo ili avute hewa, bila kumwamsha kabisa, kwa hiyo mtoto mwenyewe hana habari. Asubuhi ukimuuliza atakwambia nimelala vizuri.

Makadirio ya kitaalamu ni kwamba mtoto 1 hadi 5 katika kila 100 ana hali hii. Wanaokoroma tu bila kuzibwa ni wengi zaidi, na ndiyo sababu watu huchukulia mambo kirahisi. Wala si ugunduzi wa jana. Daktari William Osler aliandika mwaka 1892 juu ya watoto wenye mafindofindo makubwa, akaeleza pumzi zao za kishindo usiku, zinazokatika na kurudi, na jinsi mchana wanavyoonekana wazito wa akili. Zaidi ya karne imepita na bado tunamkalisha mtoto wa namna hiyo dawati la nyuma.

Tena angalieni tofauti hii, maana huwapotosha hata watu waliosoma. Mtu mzima asipolala vizuri husinzia. Mtoto mdogo mara nyingi hufanya kinyume, huchachawa. Anapanda, anaruka, analia kwa kitu kidogo, hasikii akiitwa. Ukimwona hivyo mchana utafikiri nguvu zimemzidi, kumbe zimemwishia. Hii haina maana kwamba kila mtoto mtundu hapumui usiku. Ina maana swali la usingizi liulizwe kabla ya kufika kwenye majina mazito na dawa za kumtuliza.

Yule wa miaka sita alipelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, mafindofindo yakakutwa karibu yanagusana, yakaondolewa pamoja na nyama za puani. Mama yake aliporudi kliniki aliniambia siku za kwanza hakulala yeye. Chumba kilikuwa kimya mno, akawa anaamka kumgusa mtoto kama yu hai. Hakuwa wa kwanza darasani baada ya hapo, msiniwekee maneno mdomoni. Alikuwa mtoto anayeweza kukaa na kusikiliza.

Wala si kila mmoja anahitaji kisu. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulichukua watoto wa miaka mitano hadi tisa wenye tatizo hili, nusu wakafanyiwa upasuaji mapema na nusu wakasubiriwa kwa uangalizi. Baada ya miezi saba waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi katika usingizi na tabia, lakini katika waliosubiri, karibu nusu vipimo vyao vya usiku vilikuwa vimerudi katika hali ya kawaida. Kwa hiyo uamuzi ni wa daktari na mzazi, kwa mtoto huyu mmoja aliye mbele yao. Kazi ya mzazi ni kuona. Mtoto anayekoroma usiku mwingi wa wiki bila mafua, anayepumua kwa mdomo, anayetoka jasho na kujinyonga shingo usingizini, anayekatika pumzi halafu kukurupuka, huyo apelekwe. Na hapa simu niliyoilaani inasaidia: mrekodi dakika chache, kifua kikiwa wazi kinaonekana, umpelekee daktari. Mchana mtoto atapumua vizuri mbele ya daktari, na mtarudishwa nyumbani na dawa ya mafua.

Kuhusu kukojoa kitandani sitasema mengi, kwa kuwa yasemwayo ni mengi tayari na karibu yote ni matusi. Katika umri wa miaka mitano, takribani watoto 15 kwa kila 100 bado hukojoa usiku. Wakifika kumi ni kama 5. Jambo hili hurithiwa: mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi, uwezekano kwa mtoto ni karibu asilimia 44, wote wawili, karibu asilimia 77. Ningependa wazazi wote wanaoshika fimbo asubuhi wawaulize kwanza mama zao wenyewe. Mtoto hakojoi kwa makusudi. Kibofu kimejaa na ubongo wake haujapata habari. Akiwa mkavu kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza upya, hapo pana jambo: maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, koo lile nililolisema, au kitu kinachomtisha. Huyo apimwe, asisubiriwe.

Halafu kuna mayowe. Kila wodi ya watoto ina usiku wa mayowe. Mtoto aliyelala fofofo anakaa ghafla kitandani, macho yako wazi, anapiga kelele ya kutisha, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, na ukimkumbatia anakusukuma kana kwamba wewe ndiye unayemtisha. Mama mmoja alinishika mkono akasema, "Sista, huyu si mwanangu." Nilimwelewa. Nyumba nyingi hapo ndipo zinapoanza kutafuta mchawi.

Tukio hilo hutokea katika theluthi ya kwanza ya usiku, mtoto anapotoka kwenye usingizi mzito na sehemu moja ya ubongo ikaamka kabla ya nyingine. Hajaota kitu. Asubuhi hakumbuki lolote, na ni afadhali msimsimulie kwa vituko mbele ya watu. Jinamizi ni jingine kabisa: huja kuelekea alfajiri, mtoto anaamka kweli, anakutambua, anakusimulia simba alivyomkimbiza, anaogopa kulala tena. Mwenye ndoto mbaya anataka kukumbatiwa. Mwenye mayowe anataka kuachwa, kaa karibu asianguke, usimtikise, usimwagie maji (maji tena!), itapita kwa dakika chache. Wanaotembea usingizini ni wa ukoo huo huo, na kwao kazi ni milango kufungwa na ngazi kuzuiwa. Ikiwa mayowe huja saa ile ile kila usiku, mwamshe kidogo dakika kama 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo kwa wiki chache. Mara nyingi mzunguko huvunjika. Na angalieni kama amechoka kupita kiasi, kwa kuwa uchovu na homa huyaongeza.

Ambaye miguu haitulii akipanda kitandani, anaisugua, anasema inawasha ndani au inatambaa, asiambiwe anatafuta visingizio. Kwa wengi wao akiba ya chuma mwilini iko chini na kipimo cha damu kitaonyesha. Chuma kisitolewe kwa kukisia. Kikizidi ni sumu.

Na yupo kijana mmoja ambaye ndoo ya maji ni dhuluma kubwa kwake kuliko kwa wote. Amelala usiku saa zote anazostahili, na bado anasinzia mchana akila, akiandika, akizungumza. Akicheka sana magoti yanamlegea au taya inamdondoka. Huo ni ugonjwa, unaitwa nakolepsia, na mara nyingi huanza katika ujana. Mwaka 1998 watafiti waligundua oreksini, kemikali ya ubongo inayomweka mtu macho, na baadaye ikajulikana kwamba wengi wenye nakolepsia, hasa hao wa kulegea magoti, karibu hawana oreksini kabisa. Haina tiba ya kuimaliza, lakini ina dawa za kumwezesha kusoma na kuishi. Wengi hukaa miaka bila kutambuliwa, wakiitwa wavivu, au wakiombewa.

Kwa wadogo wasio na ugonjwa wowote, niseme kwa ufupi. Wa miaka 6 hadi 12 anataka saa 9 hadi 12; wa 3 hadi 5 anataka 10 hadi 13, na wa mwaka mmoja hadi miwili anataka 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo. Alale saa ile ile, kwa mpangilio ule ule: kuoga, hadithi, taa chini. Asiyelala mpaka abembelezwe mikononi ataidai mikono hiyo kila anapozinduka, na watoto wote huzinduka usiku, mara kadhaa. Mwekeni kitandani akiwa anasinzia bado hajazama, ajifunze njia ya kurudi mwenyewe. Msimpe dawa ya kikohozi au ya mzio ili alale. Nimeona walioletwa wakiwa wamelegea namna hiyo. Promethazini, ambayo imo katika dawa nyingi za majimaji, ilipewa onyo zito na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2004 kwamba isitumike kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumkata pumzi. Kumlewesha mtoto si kumlaza.

Nimebakiza wachanga, na hapa nina neno na meza yenu, Mhariri.

Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande, kwa sababu hajui usiku wala mchana. Saa yake ya mwili huanza kujipanga kati ya mwezi wa pili na wa nne. Msaada mnaoweza kumpa ni mwanga mchana, na usiku giza na maneno machache. Takribani nusu ya usingizi wake ni ule wa ndoto, ambao kwake hauna utulivu: anakunja uso, anatabasamu, anaguna, anarusha mikono, anatoa kilio kidogo. Mama mgeni humdaka papo hapo, na kumbe alikuwa hajaamka, sasa ameamka. Ngojeni kidogo mwone. Ni kwa kukaa akitazama macho ya watoto waliolala ndipo Eugene Aserinsky, mwanafunzi pale Chuo Kikuu cha Chicago, alipoanza safari ya kugundua usingizi huo. Alimfunga nyaya mwanawe mwenyewe wa miaka minane, na mwaka 1953 akachapisha matokeo pamoja na mwalimu wake Nathaniel Kleitman. Kabla ya hapo wasomi wengi waliamini ubongo uliolala umezimwa.

Lakini kuu kwa mchanga ni namna anavyolazwa. Alale chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na katika nchi zote mbili vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna dawa mpya iliyoletwa, wala mashine. Waligeuzwa tu.

Bibi wengi hunibishia kwamba mtoto akicheua atapaliwa. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake, kwa hiyo kinachocheuliwa kinatakiwa kipande mlima ili kuingia kwenye hewa. Akiwa kifudifudi mambo yamepinduka. Kulala kiubavu nako hakufai, kwa sababu huviringika. Tumbo lina muda wake: mchana, akiwa macho, mtu mzima anamtazama. Akishaweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, mlazeni chali kisha atakapojigeuza mwacheni.

Godoro liwe gumu kiasi na tambarare. Pasiwe na mto, wala blanketi zito, wala midoli. Asivikwe kofia ndani wala kurundikiwa nguo mpaka shingo iwe na jasho. Moshi wa sigara usiwe katika nyumba yake. Alale chumba kimoja na mama, kwa miezi sita ya kwanza angalau, ila juu ya sehemu yake mwenyewe. Najua nyumba nyingi hazina kitanda cha pili na kusema tu msilale naye ni kujiosha mikono. Basi walau haya: asilale katikati ya watu wawili wala karibu na mito, wala na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya kuleta usingizi, na kamwe, kamwe, asilale na mtu mzima kwenye kochi. Mama aliyechoka anayenyonyesha usiku kwenye kochi yuko mahali pa hatari zaidi kuliko kitandani. Aliyezaliwa kabla ya wakati awe na sehemu yake kwa kila namna.

Sasa neno lenyewe. Ukurasa wenu wa familia, toleo lililopita, mliweka picha ya mtoto mchanga aliyelala kifudifudi, shavu limezama kwenye mto wa manyoya, dubu wa kitambaa kamkumbatia. Picha nzuri sana. Makala chini yake ilizungumzia lishe na wala haikugusa usingizi, lakini mzazi anayepitisha macho hasomi makala, anaona picha, na picha katika gazeti ni idhini. Msichana aliyejifungua juzi, ambaye muuguzi alimwambia chali na mama mkwe akamwambia kifudifudi, mmemwamulia nyinyi. Toleo lijalo wekeni nyingine: mtoto kalala chali, kitanda hakina kitu kingine ila shuka iliyobanwa. Haitavutia macho, na mpiga picha wenu atalalamika. Ichapisheni hivyo hivyo.

Wenu,
Muuguzi mstaafu, wodi ya watoto